Aliyezifuta Nyimbo za Binti Yake

Neno la kwanza Maalim alilonitamkia, baada ya salamu, lilikuwa kwamba kiyoyozi kinakufa. Nilikuwa nimempeleka binti yangu chuo cha Qur'ani kwa mara ya kwanza. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi, Lanham, huku Marekani, chenye zulia la kijani na dirisha lisilofunguka. Watoto ishirini walikuwa wanasoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, kelele kama sokoni, na yeye amekaa katikati yao ameinamisha kichwa. Nilidhani anamsikiliza mmoja wao. Akainua mkono, wakanyamaza, akalitazama shati langu la kazi. "Karibu, fundi. Ile mashine ya juu ya paa inalia vibaya tangu juzi. Si feni. Ni kitu kinasagana ndani yake." Nilipanda kwa adabu tu, nikijua naenda kupoteza muda. Beringi ilikuwa imekwisha kabisa. Ingepita wiki moja, mota ingeungua.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Nafanya kazi mji wa Sterling, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ambamo kompyuta za watu zinawekwa kwenye baridi. Kazi yangu ni hiyo baridi. Kompyuta zenyewe sizigusi, sina hata ruhusa ya kufungua mlango wao. Lakini huwezi kuwaeleza Waswahili wa huku jambo hilo wakakuelewa. Kwao, mtu anayeingia kwenye jengo la intaneti ndiye mwenye intaneti. Nimeulizwa kuhusu barua pepe zilizopotea, picha za harusi, hata viza. Maalim naye alikuwa hivyo hivyo, na kosa hilo dogo ndilo lililonifunga kwake kuliko udugu.

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwita kwa jina, wala sikumsikia mtu akimwita. Alikuwa Maalim kwa Wazanzibari na kwa watu wa Mombasa, Maalim kwa Wasomali wa duka la nyama, Maalim hata kwa yule mzee Mmarekani wa matairi, ambaye nina hakika alidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Watoto aliwaita waheshimiwa. "Mheshimiwa, umeruka aya." "Mheshimiwa, kiatu chako kimelala juu ya cha mwenzako." Wao walimjibu kwa Kizungu, naye hakujali, alisema masikio yao ni ya nyumbani, midomo tu ndiyo ya ugenini. Fimbo hakuwa nayo. Na kila Ijumaa baada ya sala alikula donati moja, moja tu, akisema Wamarekani waliiba andazi, wakaogopa kuulizwa, wakalitoboa katikati ili lisitambulike.

Masikio yake yalikuwa ya kuogopesha. Qur'ani nzima aliihifadhi kwa kusikia, kabla hajajua kusoma, na tabia hiyo haikumtoka tena. Alisema jambo ukilisikia mara ya kwanza ni mgeni, mara ya pili ni jirani, mara ya tatu limeshaoa kwako, halitoki. Namba za simu za wazazi wote alikuwa nazo kichwani. Aliweza kukusomea tangazo la sabuni alilolisikia redioni ujanani, lote, pamoja na bei. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. "Mnaona raha," alisema, "lakini mimi siwezi kuchagua. Upuuzi wote umo humu, umekaa chumba kimoja na maneno ya Mungu."

Kwa hiyo muziki aliukimbia. Si kwamba aliukemea. Kwenye harusi alikula biriani yake kwa utulivu, na ngoma ikianza tu huyo anatafuta viatu. Katika duka la nyama, wakiwasha redio, aliweka kikapu chini akatoka nje hata kama zamu yake imefika. Wengine walimwona mkali. Mimi niliona ni mtu anayejihurumia, kwa sababu wimbo mmoja wa kijinga ukimwingia atakuwa nao miaka. Lakini pia nimemwona, nje ya ukumbi wa harusi moja, viatu ameshavaa, gari langu limeshawashwa, na yeye bado amesimama ukutani.

"Maalim, unamsubiri nani?"

"Nasubiri miguu ikubali."

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Salha, mtoto wake wa mwisho. Mama yake Salha alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla sijawafahamu. Salha alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtu mifupani hadi akapiga mayowe, kisha ukamwachia akaenda kazini kama kwamba hapakuwa na kitu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo na ulimi mkali. Baba alisema Kiswahili, binti alijibu Kizungu, ambacho baba alikijua cha dawa na jikoni tu, na chai ilifika mezani vilevile.

"Salha, umekunywa dawa?"

"Baba, relax. I took them."

"Zote?"

"All of them. Even the ugly one."

"Alhamdulillahi. Huyo mwenye sura mbaya ndiye anayekuponya, mheshimu."

Alimdekeza, kila mtu aliona. Tulimtania kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Akatujibu siku moja, bila kuinua macho, "Huyu keshalia vya kutosha hospitali. Zamu yangu ikifika, nitalia." Hatukumtania tena.

Kwamba Salha anaimba niliambiwa na binti yangu, ndani ya gari. Alikuwa amechomeka simu yake, na kulikuwa na sauti ya msichana anayeimba karibu sana, kama mtu anayekunong'oneza ng'ambo ya meza. Niliupenda wimbo kabla sijajua wa nani. "Baba, you know that's Salha, right? Maalim's Salha?" Nilisimamisha gari pembeni. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa na hofu, kama nimechungulia dirisha la jirani.

Zilikuwa nyimbo kumi na moja kwa jumla. Hakuna hata mmoja uliozidi dakika tatu, kwa sababu pumzi yake haikuruhusu, naye aligeuza upungufu huo kuwa mtindo. Aliimba juu ya msichana anayelala kwenye treni akapitishwa kituo chake, juu ya marafiki wanaoolewa mmoja mmoja, juu ya mtu anayesubiri majibu ya damu huku akisoma gazeti la mwaka jana. Hakuwa nyota. Hukuwahi kuona picha yake kwenye basi. Lakini vijana wa huku walimjua, na wengine wa mbali ambao hawakujua hata Lanham iko wapi. Maneno alitunga mwenyewe. Muziki ulitengenezwa na rafiki yake Josiane, msichana wa Kikongo anayepiga kinanda kanisani Jumapili na kuwahudumia wazee siku za kazi. Kanisa likimalizika, Josiane alikuja na kompyuta yake begani, na wawili hao walijifungia katika kabati la nguo la Maalim, kwa sababu makanzu na makoti ya baridi yanameza mwangwi.

Na Maalim? Maalim kila Jumapili saa nane mchana alikwenda kutembea. Alituambia daktari amemwamrisha. Siku moja ya theluji nilimkuta kwenye kibanda cha basi, mabega yote meupe, mikono ameificha kwapani.

"Shikamoo, Maalim. Panda nikurudishe nyumbani."

"Marahaba. Bado, mwanangu. Bado dakika ishirini."

Akakubali kukaa ndani ya gari kwenye joto, tukazungumza habari za mashine mpaka dakika zake zikaisha. Nilipomfikisha, alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, ufunguo mkononi, akabisha hodi. Akasubiri. Mpaka sauti ya ndani iliposema "Karibu, Baba" ndipo akaingia. Nilidhani ni uzee. Niliona haya baadaye.

Salha alifariki majira ya baridi yaliyofuata, ana miaka ishirini na mitatu. Kifua kilimbana Jumanne, Alhamisi tukamzika. Maalim alimsalia mwenyewe na sauti yake haikutetemeka. Niliisikia kila takbira, na nilikuwa safu ya nne. Josiane alisimama mbali, nyuma ya wanawake, amejifunga kanga ya kichwani aliyoazimwa, hajui akae wapi.

Siku ya tatu, khitma imekwisha na watu wanakusanya sahani, Maalim aliniita chumbani kwake. "Wewe ndiye unayefanya kazi pale zinapokaa," akasema. "Nyimbo za mwanangu. Nataka uzitoe."

"Maalim, ulikuwa unajua?"

"Kabati ni langu. Makanzu yangu yote yalinuka mafuta yake ya nywele. Ulinidhania mimi kiziwi?"

Nikamuuliza, kama alijua akanyamaza, mbona sasa. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto. Salha alipokuwa hai, alisema, mlango wa toba ulikuwa wazi, na yeye kila alfajiri alimwombea apite. Sasa mlango umefungwa. Mwenyewe ameondoka, nyimbo zimebaki zinaimba, na kila anayesikiliza, kuna kitu kinaandikwa. "Huenda nimekosea. Imamu ameniambia Mungu ni mwingi wa rehema, nami silibishi hilo. Lakini mwanangu yuko kaburini, na mimi si mtu wa kucheza kamari na kaburi lake." Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa na majibu mengi. Kisha nikamtazama usoni, nikamwambia tu kwamba wa kuombwa ni Josiane.

Nusu ya nyimbo ilikuwa mali ya Josiane, na akaunti ilikuwa mikononi mwake. Maalim alijua hilo. Alimwita, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamtilia chai kwa mkono wake, na yeye, mzee wa miaka sabini, akabaki amesimama.

"Nusu ni yako, mwanangu. Siwezi kukuamrisha, na dini yako si yangu. Nakuomba tu."

Josiane hakuigusa chai. "Papa, kwetu mutu akikufa tunaimba. Tunaimba siku tatu. Sasa wewe unaniomba nimunyamazishe, kweli, vraiment?"

"Nakuomba."

Aliivuta pete yake kidoleni. "Bon. Wewe ndiye baba yake. Nitaziondoa zote. Lakini Papa ujue, inaniuma sana."

Kesho yake nyimbo hazikuwepo pale alipokuwa ameziweka. Maalim alifurahi kwa siku moja. Kisha binti yangu, bila kujua ni jambo gani, akamwonyesha mtu anacheza densi kwa sauti ya Salha, na mwingine, na mwingine. Watu walikuwa wameshazichukua zamani. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akasema, "Hayazoleki, lakini yanafutika kwa kitambaa. Nipeleke kwenye hilo jengo lako."

Nilimweleza mara kumi kwamba haisaidii. Mwishowe nikampeleka, siku ya mapumziko, asubuhi, kuzunguka barabara kuu ya Beltway nzima na foleni yake mpaka Sterling. Tuliegesha ng'ambo ya uzio. Jengo la kijivu, refu kama mtaa, halina hata dirisha moja, na mashine zangu zinavuma juu ya paa. Alishusha kioo akasikiliza. "Nzima zote," alisema, "isipokuwa ya tatu kutoka mwisho." Alikuwa sahihi, niliifungua mwezi uliofuata. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Yumo humo?"

"Sijui, Maalim. Labda kipande chake. Labda yuko Texas. Vitu hivi havikai mahali pamoja."

"Kwa hiyo kila siku unaipoza hewa, na hujui unampozea nani."

"Ndiyo, Maalim."

Akainua mikono, akaomba dua akielekea ule ukuta, akajipangusa uso. Mlinzi akaja kutuuliza tunafanya nini. Nikamwonyesha kitambulisho changu, nikamwambia, "He's my uncle. He wanted to see where I work." Njiani Maalim alitaka kujua nimemwambia nini yule bwana. Nilipomtafsiria, alisema, "Basi leo nimepata mpwa," akacheka. Sikumsikia akicheka tena mwaka ule.

Ndipo tukaanza kazi yetu ya Jumamosi. Josiane alinipa nyimbo zote kumi na moja kwenye simu yangu, ili tuwe na za kulinganishia. Watoto wakishaondoka tulikaa kwenye zulia, simu katikati yetu, na mimi nikatafuta. Huyu ameuweka wimbo chini ya video ya paka, huyu anatangazia nguo, huyu ameupunguza kasi hadi Salha akawa na sauti ya mwanamume. Kompyuta haikuweza kumtambua katika hali hizo zote. Baba yake aliweza. Kabla sijahesabu hadi tano anasema, "Huyo ni yeye," au, "Siye, huyo ana pumzi nyingi." Kisha tunamwandikia mwenye video. Barua aliitunga yeye, mimi nikaitia Kizungu. Mimi ni baba wa mwimbaji huyu. Amefariki. Nakuomba kwa heshima uiondoe sauti yake, Mungu akupe heri katika watoto wako. Wengi walikubali kuliko nilivyotarajia. Wengine walituma maua ya kuchora.

Sasa tazama balaa lenyewe. Ili azifute ilimbidi azisikilize. Mtu aliyekimbia harusi maisha yake yote alikaa Jumamosi baada ya Jumamosi akimsikiliza mwanawe, mara tatu, mara thelathini. Kufika kiangazi alizijua zote, neno kwa neno, alijua mahali anapovuta pumzi, alijua mahali Josiane alipokosea kinanda wakaacha hivyo hivyo. Kizungu chenyewe alinifanya nimweleze mstari kwa mstari, eti ili asichanganye na nyimbo za watu wengine. Kuna mmoja ulihusu mzee anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Ulipoisha aliomba niurudie. Nilijiandaa kwa machozi.

"Amekosea," akasema. "Anasema nabisha mara mbili. Nabisha mara tatu." Akaomba tena, ili ahakikishe.

Msichana mmoja wa mbali hakukubali upesi. Aliandika kwamba na yeye ana selimundu, na wimbo ule wa kusubiri majibu ya damu ndio anaousikiliza maumivu yakimshika, ndio unaomfikisha kwenye sindano inayofuata. Aliomba aachiwe. Nilimsomea Maalim taratibu, na nakiri niliongeza chumvi kidogo katika tafsiri ili moyo wake ulegee. Aliniambia niizime simu, tukaondoka. Wiki nzima hakunipigia. Jumamosi iliyofuata alikuja na jibu lake: "Mwandikie kwamba nitamwombea kila sala mpaka nife, kama ninavyomwombea wangu. Anipe jina lake na la mama yake. Lakini auondoe." Msichana alituma majina mawili. Kesho yake wimbo haukuwepo. Siku ile nilimchukia Maalim, nilimfikisha kwake bila hata kwaheri ya maana. Na bado nilijua, kwa jinsi ninavyomjua, kwamba majina yale mawili hayatakosa kutajwa hata sala moja.

Simu ya Salha niliifuta yote mimi kwa mkono wangu. Yangu ilikuwa ya mwisho. Hakuniapisha wala hakuniuliza. Aliweka tu kiganja juu ya goti langu, na mimi nikazifuta zote, moja moja, huku anatazama. Alishukuru kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Baada ya hapo alirudia matembezi yake ya Jumapili, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumpisha, na tukipita na magari tulimwona midomo inachezacheza. Sote tulidhani anamtaja Mungu.

Hayo yamepita miaka minne. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa kituo ilikuwa mwaka huu, Arlington, katika nyumba ya kuwauguza waliopatwa na kiharusi. Nilifika baada ya chakula cha mchana. Mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalitoka yakichechemea, lakini akili ilikuwepo yote. Alinisubiri nimalize kumwuliza habari ya dawa na chakula, kisha akaniambia nifunge mlango.

"Nilifanya ujanja," akasema. "Nilizifuta duniani kwa sababu mimi ninazo. Nilijiambia, kusikiliza kunaandikwa, lakini kukumbuka si kusikiliza. Kukumbuka ni mzee anatembea zake. Kila Jumapili nimezipitia zote, bila mahadhi, maneno tu."

Nilisogeza kiti karibu naye.

"Sasa zinatoka," akasema. "Qur'ani ipo, Mungu kaniachia. Nyimbo kumi zipo. Mmoja umetoboka. Nisikilize, ukiona nimekosea unisahihishe."

Ulikuwa wimbo wa chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo lao, mfupi kuliko zote. Sikuwahi kuupenda. Hata watu wa mitandaoni hawakuwahi kuuchukua. Msichana amekaa juu ya mashine ya kukaushia, joto linampanda mgongoni, anapanga soksi za baba yake zilizopoteza wenzao. Maalim aliusema kwa Kizungu chake kizito, taratibu, kama anasoma hati ya nyumba. Soksi ya kijivu. Soksi yenye tundu. Kisha baba anaingia kumtafuta, na binti anageuka anamwambia neno. Maalim akasimama hapo.

"Anasema nini?" akaniuliza. "Ni mstari mmoja tu. Anageuka, ananiambia. Ananiambia nini?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Nilikumbuka kinanda kinanyamaza pale, nikakumbuka ile pumzi anayoivuta, na baada ya pumzi hapakuwa na kitu.

"Sikumbuki, Maalim."

"Tulikuwa pamoja. Ulinieleza wewe mwenyewe."

"Nilikueleza. Sikumbuki."

Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. "Muulize yule binti wa kinanda," akasema. "Atakuwa nao. Vijana hawatupi kitu." Nikaona usoni mwake jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu yule: alikuwa anatumaini kwamba Josiane alimdanganya. Na mimi nilitumaini hivyo hivyo. Nilitoka hadi kwenye ukumbi mdogo, nikampigia Josiane simu.

Josiane alikuwa kazini, nilisikia mzee fulani akikohoa karibu naye. Nilimweleza yote.

"Papa aliniomba," akasema. "Nilifuta kwa kompyuta, nilifuta kwa diski. Kila kitu, siku ile ile. Mulifikiri nitamudanganya? Mimi?"

"Hapana, mwanangu. Na maneno yenyewe, hukumbuki? Pale binti anapogeuka?"

"Mimi nilikuwa mutu wa muziki. Maneno yalikuwa ya kwake, alikuwa anaandikaka kwa simu yake tu." Akaanza kulia, kwa sauti ya mtu ambaye hataki mgonjwa wake amsikie. "Naweza kuja kumupigia kinanda, kama anataka. Kinanda nakumbuka. Mumuambie."

Nilirudi. Maalim alikuwa anautazama mlango.

"Hana," nikamwambia. "Alifuta kila kitu siku ile ile, kama ulivyomwomba. Anasema kinanda anakikumbuka, anaweza kuja kukupigia."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Mwaminifu," akasema. "Mungu amlipe." Machozi yakamtoka, na mkono uliokuwa upande wa kitambaa ulikuwa ule uliolala, kwa hiyo niliyafuta mimi. Kisha akafumba macho akaanza tena mwanzo, mashine ya kukaushia, joto mgongoni, soksi ya kijivu, soksi yenye tundu, baba anaingia, binti anageuka. Akafika palepale, akafumbua macho, akanisubiri.